Darasa la adabu za Kijapani, Mtwara mjini: salamu safi, taka hakuna

Darasa hili dogo la Shangani linawaandaa wanaokwenda kufanya kazi Japani. Sehemu yake bora ni kuinama. Mwalimu anapima nyuzi kabisa: 15 unapopishana na mwenzako kazini, 30 kwa mteja au bosi, 45 unapoomba radhi kwa kosa kubwa. Mgongo unanyooka, unakunjia kiunoni. Anayeinamisha kichwa tu anarudia.

Kadi ya biashara, yenye jina na cheo chako, hutolewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea mpokeaji. Kwetu mkono wa kulia unatosha, ndiyo maana wengi huteleza hapo. Ukipewa, isome, iweke mezani. Usiitie mfuko wa nyuma ukaikalia.

Kuvua viatu mlangoni hakuhitaji somo kwa mtu wa huku. Jipya ni kuvigeuza ncha zielekee nje. Vijiti vimeelezwa vizuri: kuvichomeka wima kwenye wali, au kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, ni mambo ya msibani.

Kasoro ni neno la Kijapani "hai". Wanafunzi wanaambiwa ni "ndiyo", basi. Kazini mara nyingi maana yake ni "nimekusikia" tu, kwa hiyo ukiitikia bila kuelewa maelekezo, mashine itakuumbua. Horenso, yaani kutoa taarifa, kupashana habari na kuomba ushauri, imepewa dakika chache mno. Bosi hutaka habari mbaya mapema, siyo baada ya kuharibika. Kutenganisha taka, kila aina na siku yake, hakumo kabisa, na majirani huko hukasirikia hilo haraka.