Inverta ya mota: ipi inafaa pampu, kinu, kranda au winchi

Kabla ya kwenda Kariakoo kuulizia bei, kisome kibati cha mota yako na ukipige picha. Humo mna kilowati, volti, ampea, hezi na mizunguko kwa dakika. Muuzaji akikuuliza “hospawa ngapi?” halafu akaishia hapo, mtajie ampea mwenyewe. Mota ya mizunguko 960 hula ampea nyingi kuliko ya mizunguko 2,900 yenye kilowati zilezile, na inverta ikizidiwa ampea itazima hata kama kilowati zimelingana.

Inverta hii mafundi wengi huiita VFD. Usiichanganye na VFD ya risiti za TRA. Hii ni ile inayobadili hezi na volti ili mota iende kwa kasi unayoitaka. Dukani zinafanana kwa nje. Kinachozitofautisha ni njia ya kuiongoza mota, na hapa tumezipanga kwa kuangalia kazi ambazo watu wa Dar es Salaam huzinunulia zaidi.

Ya kwanza: vekta isiyo na enkoda (kihisio cha kwenye shafti kinachoiambia inverta kasi ya mota)

Kwa konveya, mashine ya kuchanganya, kranda na mashine za mbao za karakana kama za Keko, anza na hii. Inverta hupima mkondo unaoingia kwenye mota, kisha huugawa kimahesabu sehemu mbili: sehemu inayotengeneza sumaku na sehemu inayosukuma shafti. Msingi wa njia hii uliwekwa na Felix Blaschke wa kampuni ya Siemens, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Faida yake utaiona mzigo unapoongezeka ghafla: mota haizubai, na hata kwenye hezi chache bado ina nguvu ya kuanza na mzigo. Tafuta iliyoandikwa kwamba inastahimili asilimia 150 ya ampea zake kwa sekunde 60. Zile za asilimia 110 au 120 ni za pampu na feni.

Hesabu hizo haziwezi kuwa sahihi kama inverta haiijui mota. Ingiza namba zote za kibati, kisha iamuru ijipime. Kipimo kizuri zaidi ni kile cha mota ikizunguka, na hapo lazima mkanda utolewe. Mkanda ukibaki, mzigo utaingia kwenye kipimo, na baadaye mota itatetemeka au inverta itazima kwa mkondo kuzidi.

Mota iliyosukwa upya inahitaji uangalifu zaidi. Fundi akibadili unene wa waya au idadi ya mizunguko ya koili, kibati hakisemi kweli tena. Usiruke kipimo, na linganisha ampea kwa klampu mita mota ikiwa na mzigo. Tena, usiendeshe mota mbili kwa inverta moja ukitumia vekta. Kwa kazi hiyo tumia njia inayofuata.

Ya pili: volti kwa hezi

Hii ndiyo njia nyepesi na ya bei nafuu, na kwa pampu na feni inatosha kabisa. Volti hupanda na kushuka pamoja na hezi: mota ya volti 400 na hezi 50 hupewa volti 8 kwa kila hezi moja, yaani kwenye hezi 25 inapata volti 200. Kasi ikiwa ndogo sana, ukinzani wa waya hula sehemu kubwa ya volti hizo na mota inalegea. Kuna mpangilio wa kuongeza volti mwanzoni. Ukiuzidisha, mota huunguruma na kuchemka hata bila mzigo.

Feni ikishushwa kutoka hezi 50 hadi hezi 40 hutumia karibu nusu tu ya umeme, kwa sababu nguvu hufuata kasi mara tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.51. Ila mwenye kisima asidanganyike na hesabu hiyo. Urefu ambao pampu inaweza kusukuma maji hufuata kasi mara mbili: 0.8 × 0.8 ni 0.64. Pampu inayofikisha mita 60 kwenye hezi 50 itaishia karibu mita 38 kwenye hezi 40. Kama simtanki yako iko juu ya hapo, shafti itazunguka, maji yatapata moto ndani ya pampu, na tone halitafika.

Pampu ya kuzamisha isiende chini ya hezi 30, na ifike hapo ndani ya sekunde moja hivi. Bearingi yake ya chini huelea juu ya utando mwembamba wa maji, na kasi ndogo huukata utando huo. Kebo nayo ina lake: ikizidi mita 50, mapigo ya volti hurudi kutoka mwisho wa kebo na yanaweza kufika karibu mara mbili pale kwenye mota, yakatoboa insulesheni. Nunua filta ya upande wa mota pamoja na inverta, siku hiyohiyo.

Ya tatu: DTC (Direct Torque Control)

Ilibuniwa Japani na Ujerumani katika miaka ya 1980, na ABB ndiyo iliyoifikisha sokoni mwaka 1995. Inaiongoza sumaku na nguvu ya mota moja kwa moja na kuamua upya kila baada ya mikrosekunde 25. Ni nzuri mno kwa krashi ya mawe na mashine zinazopokea mshtuko. Kwa pampu ya nyumbani, hela hiyo ni bora iende kwenye filta.

Ya nne: vekta yenye enkoda

Tumeiweka mwisho kwa kuwa wanaoihitaji ni wachache. Lakini kwa winchi na lifti inayobeba watu usikubali mbadala, kwani ndiyo inayoushika mzigo shafti ikiwa imesimama. Breki ya chuma ibaki palepale, na rezista ya breki inunuliwe pia: mzigo unaposhuka mota hugeuka jenereta, volti za ndani ya inverta hupanda, na bila rezista hiyo inverta huzima.

Vipi kinu cha nyundo? Nyundo zinataka kasi kamili, hivyo kama shida yako ni kuanza kwa upole tu, stata ya nyota-delta au softi stata itakugharimu pungufu.

Mtego wa fezi moja

Wengi hununua inverta inayoingiza volti 230 za fezi moja, wakitarajia itoe 400. Za kawaida hazipandishi volti. Hutoa fezi tatu za 230. Kibati kikisema 230/400, delta kwa nyota, funga mota kwa delta na itafanya kazi vizuri. Kikisema 400/690, mota hiyo haitapata nguvu yake kamili, na kubadili vipande vya shaba kwenye boksi hakutasaidia. Mota nyingi zinazozidi kilowati 4 ziko hivyo.

Joto, chumvi na ufungaji

Inverta nyingi hupimwa kwa hewa ya nyuzi 40. Boksi la bati linalopigwa na jua la Januari huvuka hapo upesi. Acha nafasi juu na chini, weka feni yenye chujio, na karibu na bahari chagua IP55 (IP ni kiwango cha kinga dhidi ya vumbi na maji). IP20 ni ya ndani ya paneli tu.

Angalia tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa rafuni zaidi ya mwaka bila umeme, kapasita zake zinahitaji kuamshwa kwa volti zinazopandishwa taratibu. Ukiipa volti kamili papo hapo zinaweza kupasuka.

Umeme wa mtaani usiguse kabisa U, V, W, yaani vituo vya kwenda kwenye mota. Inverta huungua mara moja. Usiweke kapasita upande huo, wala kontakta inayokata mota ikiwa kazini. Ukizima, subiri angalau dakika 10, kisha pima kwa mita kati ya vituo vya DC kabla ya kugusa. Kwenye inverta ya fezi tatu volti hapo hufika karibu 565, na taa ya kioo kuzimika haimaanishi zimeisha.