Saklipi iliyoniangusha mara mbili: uzoefu wangu na pete za kuzuia kwenye giaboksi ya shoveli

Kwa miaka mingi saklipi, ile pete ya chuma cha springi inayokaa kwenye mfuo (mfereji mwembamba uliokerezwa) ili beringi au gia isihame, kwangu ilikuwa kitu cha kuokota kwenye kopo. Unatafuta inayolingana, unaitanua kwa koleo, inalia "tak", unaendelea na mambo makubwa. Shoveli moja ya matairi ndiyo iliyonitoa katika ujinga huo, na ilibidi inifundishe mara mbili.

Dereva alilalamika kwamba kila akitoka mbele kuingia rivasi anasikia "kong" chini ya kiti. Nilidhani ni kroshi za propela, yaani viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi, zikakutwa nzima. Nikamwaga oili ya giaboksi, na kwenye sumaku ya plagi ya kumwagia oili kulikuwa na kipande cha chuma chembamba kilichopinda kama ukucha. Hapo sikuhitaji kuambiwa zaidi. Tulipofungua, saklipi ya beringi ya shafti ya kutolea nguvu ilikuwa vipande vitatu, kimoja kwenye sumaku na viwili chini kwenye sampu, bakuli la oili. Beringi ilikuwa imetembea milimita kama 4, gia ikaifuata, na meno ya gia jirani yakamenyeka pembeni. Kidude kinachoingia mfuko wa shati kimeangusha gia inayonyanyuliwa na watu wawili.

Shafti ile ni ya milimita 80. Kwa wasioshughulika na vipimo hivi: saklipi za shafti hufuata kiwango cha Kijerumani cha DIN 471, za ndani ya tundu hufuata DIN 472. Kwa shafti ya 80, pete ina unene wa milimita 2.5, mfuo wake una kipenyo cha 76.5 na upana wa 2.65. Maana yake ni kwamba pete imezama kwenye chuma kwa milimita 1.75 tu. Ukilijua hilo, ukatazama mashine inavyochota kifusi, unaanza kuiheshimu.

Nilinunua pete ya kawaida ya kupigwa kwa mashine kutoka kwenye bamba, ile yenye masikio mawili ya kuingiza ncha za koleo, kutoka kwenye boksi lenye saizi mchanganyiko. Gia zikabadilishwa, beringi mpya, nikafunga. Kijana tuliyekuwa naye ndiye aliyeitanua, naye akaitanua kama anafungua mlango wa lori. Nilimwona, sikusema kitu. Kosa langu hilo.

Haikufika saa 300 za kazi, "kong" ikarudi.

Mara ya pili pete haikukatika. Ilikuwa imekunjika kama kisosi, na ukingo wa mfuo ulikuwa umeviringika kwa nje, laini, kama mtu aliyeupitishia kidole wakati ukiwa udongo. Ilinichukua jioni nzima ya kukaa na vania, kile kipimo cha milimita, kuelewa, na ndiyo sababu ya kuandika haya, maana ushauri mwingi unaotolewa kuhusu saklipi unaishia kwenye "nunua nzuri".

Kwanza, pete yenyewe. Saklipi mpya ya shafti ya 80, ikiwa huru mezani, kipenyo chake cha ndani ni 74.5. Mfuo ni 76.5. Kwa hiyo lazima ibane, ikae mfuoni kama imekasirika. Ile yangu nilipokumbuka nilivyoizungusha kwa kidole baada ya kuifunga, ilikuwa inateleza bila ubishi. Ilikuwa imetanuliwa kupita kiasi siku ileile ya kwanza. Siku hizi kipimo changu cha haraka ni hicho: pete ya nje ikizunguka yenyewe mfuoni, inatoka na inakwenda kwenye chuma chakavu, hata kama ina dakika moja tangu ifunguliwe kwenye mfuko. Na pete iliyotolewa hairudi kazini. Nimegombana na mabosi kwa hilo.

Pili, na hapa ndipo penye utamu, ni pembe ya beringi. Ringi ya ndani ya beringi haina kona kali, ina mviringo. Mviringo ule ukisukuma saklipi, hauisukumi karibu na shina lake lililozama mfuoni. Unaisukuma huko nje, kwenye ukingo. Inakuwa kama kubonyeza ubao uliochomekwa ukutani kwa kuushika mwisho badala ya mwanzo. Pete inapinda kisosi, ikishapinda inaugusa mfuo kwa mstari mwembamba badala ya uso wake wote, na chuma cha mfuo kinaanza kuviringika. Dawa yake ni washa ya kuegemea, ngumu, yenye kona kali, inayokaa kati ya beringi na saklipi. Zipo za kiwango, DIN 988. Kwenye shafti yetu haikuwepo. Kama iliwahi kuwepo, fundi fulani aliyetangulia aliiona ya ziada.

Tatu ni mwanya. Gia zile zina meno ya mshazari, na meno ya mshazari husukuma shafti kufuata urefu wake. Ukiwa mbele yanasukuma huku, ukiwa rivasi yanasukuma kule. Shoveli inayojaza malori hugeuza mwelekeo kila inapochota, siku nzima. Kama kati ya beringi na pete kuna nafasi hata ya nusu milimita, pete haisukumwi tena, inapigwa nyundo. Viwango vya mzigo unavyosoma kwenye katalogi havihusu nyundo. Mwanya huo huondolewa kwa shimu nyembamba, yaani washa za kujazia nafasi. Unapima kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia mwanya, unaongeza shimu moja moja. Kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeisifia.

Sasa bidhaa yenyewe. Mara ya tatu, tukiwa na shafti mpya kwa sababu mfuo wa ile ya zamani haukufaa tena, niliamua kujaribu pete ya kuzungushwa, ile ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Spirolox. Haipigwi kutoka kwenye bamba. Ni waya bapa wa chuma cha springi uliokunjwa kwa ubavu mizunguko miwili, mfano wa ringi ya kuwekea funguo. Haina masikio wala pengo, kwa hiyo inashika mfuo duara zima. Zipo zinazotengenezwa ziingie kwenye mfuo uleule wa DIN, usilazimike kumrudia mkereza.

Kuifunga hakutaki koleo. Unaachanisha mizunguko kidogo, unaingiza ncha moja mfuoni, halafu unaifuata kwa dole gumba kuzunguka shafti mpaka mkia uingie. Mara ya kwanza inakushangaza jinsi ilivyo tulivu. Saklipi ya masikio ikikuponyoka inaruka kama risasi, na mwenye akili huvaa miwani. Hii haina hasira hiyo. Ina kingo kali hata hivyo, na nimeshachanika kidole. Kuna mahali waya umepindwa kidogo ili mizunguko ikae bapa mmoja juu ya mwingine. Usipanyooshe ukidhani pete imeharibika. Kijana wetu alikuwa tayari na nyundo.

Kutokuwa na masikio kulinisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwenye giaboksi ile, masikio ya saklipi ya zamani yalikuwa karibu sana na kifuniko, na kulikuwa na mkwaruzo wa duara ndani yake. Sasa hakuna kinachokikwaruza.

Tangu hapo mashine imefanya kazi saa 2,000 na kidogo, bila "kong". Lakini nisiipambe bidhaa kwa kazi ya mwenzake: sifa nusu naipa washa ya kuegemea na shimu. Mtu akiniambia nichague kati ya pete ya kuzungushwa bila washa, na saklipi ya kawaida nzuri yenye washa na bila mwanya, nachukua ya pili bila kufikiri.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni kuitoa. Ncha ya pete ina kijipengo cha kuchokolea kwa bisibisi ndogo, kisha unaizungusha nje kama unavyoifumua. Mezani ni rahisi. Ukiwa umelala chini ya mashine, oili inakutiririkia kwenye mkono wa shati, kijipengo hukioni. Lazima uifunge ukifikiria siku ya kuifungua, ncha ikae mahali jicho linafika. La pili ni kwamba haitangazi kwamba imekaa vizuri. Saklipi ya masikio inalia na unaona pengo lake limefungika kiasi gani. Hii iko kimya. Napitisha kucha kuzunguka yote, halafu nazungusha mara ya pili.

Kwa sababu hiyo ya kwanza, kwenye sehemu ninazozifungua mara kwa mara bado natumia za masikio. Nikizitumia, naangalia upande. Pete iliyopigwa kwa mashine ina uso mmoja wenye kingo za mviringo kidogo na mwingine wenye kingo kali. Pitisha kucha utauhisi. Uso wa kingo za mviringo unatazama kitu kinachosukuma, uso mkali unaegemea ukuta wa mfuo. Ukigeuza, unaanza maisha ya pete kwa kuipa mteremko wa kutokea.

Kuhusu rangi: zile nyeusi zilizopakwa fosfeti na oili zinatosha kabisa ndani ya giaboksi, ambamo kila kitu kinaogelea kwenye oili. Zinazong'aa kwa zinki ya umeme naziogopa mahali pa mzigo. Chuma kigumu cha springi kikipitia uchovyaji huo hunyonya haidrojeni, na kisipookwa ipasavyo baadaye kinaweza kukatika kimyakimya siku kadhaa baada ya kufungwa, hata mashine ikiwa imeegeshwa. Chuma cha pua humo ndani ni anasa.

Na tafadhali, pete nene za ndani zinazoshikilia pakiti za klachi (plati zilizopangwa pamoja) kwenye giaboksi hizihizi zisichanganywe na mada hii. Nyingi huja katika unene tofauti kwa makusudi, ili kuweka nafasi ya plati. Ukizihamisha kutoka pakiti moja kwenda nyingine kwa sababu "zinafanana", umebadilisha nafasi iliyopimwa ya klachi bila kujua.

Nyota? Pete ya kuzungushwa naipa 4 kati ya 5. Ile ya boksi mchanganyiko sikuipa hata moja, ila nikiwa mkweli nayo ilifungwa vibaya mahali palipoharibika, na hakuna pete ambayo ingestahimili tulichoifanyia.

Juzi nilifungua kifuniko kuikagua. Washa ina alama ya kuguswa duara zima, sawasawa, na ukuta wa mfuo una kona yake kali kama siku ulipokerezwa. Kijipengo cha kuchokolea kilikuwa kimehamia chini kabisa, ambako bisibisi haifiki. Nikarudisha kifuniko.