Nyumba yangu ikikosa umeme inawashwa na gari: uzoefu wangu na BYD Atto 3, Mbezi Beach

Kama kwako umeme hukatika mara kwa mara na tayari una mpango wa kununua gari la umeme, chukua lile linaloweza kutoa umeme nje. Hayo ndiyo maoni yangu baada ya kuishi na BYD Atto 3 hapa Mbezi Beach, masika na kiangazi. Kama gari si shida yako, nunua inveta na betri yake. Utatumia pesa ndogo sana kuliko mimi.

Betri ya gari hili inabeba kilowati-saa 60.48. Kwa hesabu zetu za LUKU hizo ni uniti sitini. Betri za inveta walizofunga majirani zangu wengi ni za uniti mbili hadi tano, na wanashukuru. Umeme ukikatika usiku mimi nawasha friji, friza, feni, taa zote, ruta na kiyoyozi kidogo cha chumba cha watoto. Mpaka alfajiri betri imeshuka kwa asilimia kumi na kitu, karibu sawa na umeme ninaotumia kwenda Posta na kurudi. Kwa wateja wa kawaida wa TANESCO uniti moja ni kama Sh356, kwa hiyo usiku kama huo unanigharimu chini ya Sh3,500. Jenereta dogo la petroli likifanya kazi hiyo hunywa karibu lita moja kila saa. Halafu kuna moshi. Mama anaishi nasi na ana pumu. Kwa ajili yake tu nisingerudi kwenye jenereta hata nipewe bure.

Mipaka ipo. Adapta ya kutolea umeme, ile inayouzwa kwa jina la V2L, huchomekwa kwenye tundu la kuchajia na kutoa kilowati 3.3 kwa uwezo wake wa juu. Pampu ya maji ya kujaza simtanki inavuta umeme mwingi inapoanza tu kuzunguka, kwa hiyo kwanza tunazima birika na pasi. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo hapo isahau, nyingi zinazidi uwezo huo peke yake. Gari lenyewe pia linakula umeme kidogo muda wote linapotoa, hivyo haina maana kuliacha limewashwa kwa ajili ya kuchaji simu mbili. Mimi sishuki chini ya asilimia 30, maana mtoto akiugua saa nane usiku ni gari hilohilo litakalotupeleka hospitali.

Sasa suala la kuunganisha, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna mafundi watakaokutengenezea waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, uchomeke upande mmoja kwenye gari na mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Kataa. Ukisahau kuzima swichi kuu, umeme wako unarudi kwenye laini ya mtaa, na transfoma inaweza kufanya kazi kinyume: volti 230 zinapanda kuwa 11,000 au 33,000 kwenye nyaya ambazo fundi aliye juu ya nguzo anaamini zimekufa. Huyo ni baba wa watu amekuja kukurudishia umeme. Na plagi ya upande wa pili ikichomoka, pini zake zina umeme na ziko wazi kwa mtoto yeyote anayepita.

Njia sahihi ni chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa gari, isiyoruhusu vyote viwili kwa pamoja. Fundi wangu alinunua Kariakoo ile inayokata laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) zote mbili, na sababu aliionyesha kwa tesita: ukichomeka adapta, matundu yote mawili ya soketi yanawasha taa ya tesita, badala ya moja tu kama soketi ya ukutani. Magari mengi ya aina hii hayaungi nyutro na erthi, yaani waya wa ardhini. Ukiyaunganisha na nyumba ambayo nyutro yake bado imeshikana na ya mtaani, gari linaweza kugoma kabisa, na swichi ya kukinga dhidi ya shoti ya mwili isikukinge ulivyotarajia. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Hapa usibane pesa.

Kuuza umeme kwenye gridi ni hatua nyingine, na gari langu haliwezi. Adapta hii inalisha vifaa tu. Japani walianza mapema kuunganisha gari na nyumba: baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, mwaka 2012 Nissan walileta kifaa cha kulisha nyumba hadi kilowati 6 kutoka kwenye Leaf, gari lao la umeme. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, na mtambo mmoja wake ni megawati 235. Magari elfu moja yakitoa kilowati 3 kila moja ni megawati 3 tu. Kwa hiyo sidhani faida yake kwetu itaonekana Rufiji. Itaonekana kwenye transfoma ya mtaa. Chukua ya kVA 100, yaani karibu kilowati 100: magari kumi yakiilisha saa moja jioni, watu wote wakipika na kuwasha viyoyozi, yanaipunguzia karibu theluthi ya uwezo wake. Magari hayohayo yakichajiwa saa hiyo kwa kilowati 7 kila moja, yanaielemea kwa kilowati 70. Ndiyo maana nachaji baada ya saa sita usiku, ingawa bei ya uniti nyumbani kwangu haibadiliki kwa saa. Natamani ibadilike, watu wangeacha kuchaji jioni bila kuambiwa.

Jambo la mwisho kwa anayetaka kununua. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea alisema adapta ipo ndani ya gari, tulipofungua hamna kitu. Nenda na birika lako la umeme pale yadi, mwambie akuchomekee kwenye gari. Maji yakichemka, endelea kuzungumza bei.