Kozi fupi ya mapokezi na kumbukumbu za afya Dar: somo la klemu (madai ya malipo kwa bima) ndo limenirudishia ada yangu

Naona watu wengi wanauliza hizi kozi za miezi mitatu za mapokezi ya hospitali na kumbukumbu za afya ni za kweli au ni kupigwa tu. Mi nimemaliza moja hapa Dar, jina la chuo naliacha maana kuna mengine ntayasema hayatawapendeza, na vyuo vya aina hii vinafanana kwa hiyo utapata picha. Ada laki nne kwa awamu mbili, sare unajitegemea, cheti ni cha chuo chenyewe.

Kama unataka kukaa mapokezi au dirisha la bima kwenye zahanati au polikliniki ya mtu binafsi, kasome. Kama ndoto yako ni ajira ya serikali usiwape hata mia, tafuta chuo chenye usajili wa NACTVET (baraza la serikali la elimu ya ufundi) usome cheti au diploma ya kumbukumbu za afya miaka kamili, maana hiki cha miezi mitatu hakiingii kwenye ngazi zao rasmi za elimu, zile za NTA. Sasa yule dada wa kuandikisha wanafunzi ukimuuliza hili swali anaanza kukuzungusha, mara oh soko ni kubwa, mara oh tunawaunganisha na waajiri. Hawakuunganishi na mtu.

Mwanzo kabisa mnafundishwa huduma kwa mteja, jinsi ya kusalimia, kupokea simu, kuvaa. Inachosha, yaani mtu mzima unafundishwa kutabasamu kwa laki nne. Ila humo humo kuna vitu vya maana vimefichwa, kama vile nani anapita bila kulipa kwenye vituo vya serikali, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa 60 na kuendelea wasio na uwezo, na kwamba mgonjwa wa dharura haulizwi kadi kwanza, anaingia ndani karatasi zitafuata. Na usiri. Mwalimu alikuwa mkali sana hapo, majibu ya HIV yana sheria yake ya 2008, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo ule mtindo wa kupaza sauti dirishani "nani kaja na ile shida ya mkojo" ukome.

Masjala ndo nilianza kuona hela yangu inafanya kazi. Nilikuwa najua faili linapangwa kwa namba moja mbili tatu basi, kumbe hospitali nyingi zenye mafaili mengi zinapanga kwa tarakimu za mwisho, yani namba 12-34-56 unaanza kutafuta rafu ya 56, halafu 34, halafu 12. Sababu yake ni kwamba mafaili mapya yanasambaa rafu zote, hayarundikani mwisho wa chumba mpaka watu mnagongana huko kwenye kona moja. Na ukitoa faili unaacha kadi mahali pake inayosema limeenda wapi na nani kalichukua, bila hiyo mgonjwa atakaa benchi mpaka saa nane. Afu suala la majina, jaman, Dar hii ukiita Fatuma Juma wanasimama watatu, na Ally anaweza kuandikwa Ali kwenye kadi na Aly kwenye faili la zamani, kwa hiyo tulilazimishwa kuuliza tarehe ya kuzaliwa, simu na mtaa kila mara hata kama foleni inanung'unika. Dawa ya mtu wa sukari ukampa mwenye jina kama lake si utani.

MTUHA nayo tuliipitia, yaani vile vitabu vya takwimu za kituo, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, 6 cha wajawazito, 12 cha kujifungua, jinsi ya kujumlisha mwisho wa mwezi taarifa ikaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Kavu ile mbaya, ila muhimu.

Halafu klemu. Huyu mwalimu aliwahi kukaa dirisha la bima miaka mingi na inaonekana, hakuwa anasoma slaidi, alituletea fomu za mazoezi za NHIF (bima ya afya ya taifa) 2A&B zenye makosa tuzitafute wenyewe. Moja mgonjwa hajasaini. Nyingine haina namba ya uidhinisho, yaani kadi haikuhakikiwa kwenye mfumo siku ile mgonjwa alipofika, na huwezi kurudi nyuma ukaitengeneza. Nyingine ugonjwa umeandikwa kwa kodi N39.0, hiyo ni UTI, lakini kwenye dawa kuna metformin, sasa bima itakuuliza dawa ya sukari imetoka wapi, kumbe mgonjwa ana sukari kweli ila daktari hakuandika E11, kodi ya sukari. Hapo karani hana ruhusa ya kujiongezea E11 mwenyewe, unairudisha fomu kwa daktari kabla haijatoka jengoni. Alisema kituo kidogo kikikatwa klemu miezi miwili mfululizo mishahara inachelewa, ndo maana wenye zahanati wanamtafuta mtu anayejua hii kazi kuliko anayejua kutabasamu. Nimeshafanya usaili sehemu mbili na zote waliniuliza klemu tu, huduma kwa mteja hakuna aliyeigusa. Na hii Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikishika kasi fomu zitazidi tu.

Sasa lawama. Kompyuta zilikuwa chache, mnakaa wawili wawili na mwenye vidole vyepesi ndo anajifunza, mwingine anaangalia. Mfumo tuliofundishiwa ni wa majaribio tu, GoT-HoMIS, ule mfumo wa hospitali za serikali, tuliiona kwa picha ukutani, na unafika fildi (mazoezi ya kazini) unakuta watu wanatoa kontroo namba haraka haraka wewe umesimama tu. Somo la istilahi za kitabibu ndo lilikuwa bovu kupita yote, mwalimu anasoma -itis (uvimbe), -ectomy (kukata na kutoa), bd (mara mbili kwa siku), tds (mara tatu) kama sala, hakuna cheti cha dawa cha daktari hata kimoja tulichopewa tukisome kwa macho yetu, na wote tunajua mwandiko wa madaktari ulivyo. Tuliishia kufundishana wenyewe kwenye grupu la WhatsApp na dada mmoja mwuza duka la dawa, huyo alitusaidia kuliko chuo.

Fildi unatafuta mwenyewe, wao wanakupa barua tu, na barua yenyewe ilichelewa mpaka wengine wakakuta nafasi zimejaa wanafunzi wa vyuo vikubwa. Mi nilipata zahanati moja ya mtaani kwa kujuana.

Ukienda kuulizia usiende jumamosi wakati madarasa yako matupu, nenda siku ya kazi kipindi cha kompyuta uhesabu mashine zinazowaka, na omba wakwambie kwa maandishi barua ya fildi inatoka wiki ya ngapi. Uliza pia klemu anafundisha nani. Ukiambiwa ni yule yule wa huduma kwa mteja, tafuta chuo kingine. Wa jioni wanaanza saa kumi na moja, foleni ya Ubungo utaijua mwenyewe.