TAHADHARI: "Seti kamili ya umeme wa ufunguo" ya pikipiki, rilei yake ni kopo tupu

Ndugu zangu wa bodaboda, wabeba vifurushi, na yeyote mwenye pikipiki anayetaka kufunga chaja ya simu au taa za ziada, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna seti inauzwa mtandaoni, picha zake zinazunguka sana kwenye status za WhatsApp, inaitwa "seti kamili ya umeme wa ufunguo". Ni sh. 65,000 pamoja na kufungiwa. Niliinunua mwezi uliopita. Imeniunguzia simu, imeniulia betri, na siku ya tatu ikatoa moshi chini ya tanki nikiwa na abiria Barabara ya Mandela, hapa Dar. Jina la muuzaji siliweki. Nitaeleza mchezo wenyewe, kwa sababu namba anabadilisha kama soksi ila mchezo ni ule ule.

Nilikuwa na shida ya kweli. Simu yangu inashinda imewaka, ramani na maombi ya abiria, ikifika saa nane mchana chaji hakuna. Chaja ya zamani nilifungiwa na dogo wa kijiweni moja kwa moja kwenye betri, ikawa inanyonya umeme hata pikipiki imelala. Nikataka umeme unaokuja ukifungua ufunguo na kukatika ukifunga. Jamaa akaniambia, "Bosi wangu, ukitoa ufunguo kila kitu kinalala." Kwenye seti kuna chaja ya USB yenye matundu mawili, taa mbili za LED zilizoandikwa wati 120 kila moja, swichi ya kwenye usukani, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme badala ya kidole), fyuzi na kishikio chake, na waya wa kutosha. Ukiiona kwenye picha utaipenda.

Nilituma nusu, akagoma kumtuma fundi mpaka nimalizie. Nikamalizia. (Najua, najua.) Fundi akaja kijiweni, kijana mcheshi, akafungua siti na kichwa cha taa, dakika 25 kamaliza. Nikaomba risiti. "Risiti anayo bosi." Mpaka leo ipo kwa bosi.

Siku ya kwanza simu ilikuwa inachaji, inaacha, inachaji tena, kila nikivuta mafuta inalia. Nikadhani kebo. Siku ya pili mchana nikasikia harufu ya plastiki, simu ikakataa chaji kabisa, fundi simu akanilamba 35,000. Jioni hiyo nikagundua jambo lingine: nimetoa ufunguo, taa mpya bado zinawaka. Nikampigia muuzaji. Akasema nibonyeze swichi ya usukani, "ndiyo mfumo wake". Nikabonyeza, zikazima, nikafunika pikipiki turubai. Kumbe mwanangu aliingia chini ya turubai kuchezea, akabonyeza tena. Taa zikawaka humo humo hadi alfajiri bila mtu kujua. Asubuhi selfu kimya, betri imekufa, nikaondoka kwa kiki.

Moshi ulikuja siku hiyo hiyo, karibu na Tabata. Abiria alikuwa mama mmoja na kikapu cha dagaa, ndiye aliyenipiga bega: "Baba, unaungua!" Nikasimama, nikang'oa siti, nikachomoa waya wa betri kwa vidole. Malengelenge mawili. Yule mama akapanda daladala na nauli sikumdai, maana ningeanzia wapi.

Jioni nikaikokota hadi kwa mzee mmoja wa waya huko Buguruni, mtu aliyeanza kufunga umeme wa magari kabla sisi hatujazaliwa. Hakusema kitu kwanza. Alifuata waya mmoja mmoja kwa mkono kama anayesoma maandishi, halafu akacheka.

Akaanza na chaja. Yule kijana alitakiwa atafute waya unaopata umeme wa betri pale tu ufunguo ukifunguliwa. Yeye akachukua wa taa kubwa. Sasa kwenye pikipiki nyingi ndogo, yangu ikiwemo, taa kubwa haili betri, inalishwa moja kwa moja na koili za magineti pale kwenye injini, na umeme ule ni wa kwenda na kurudi, si wa moja kwa moja kama wa betri. Balbu haina neno, inawaka tu. Chaja ya USB inataka umeme wa betri, ukiilisha ule mwingine inayumba mpaka inakufa, na yangu ilikufa pamoja na simu. Ukitaka kujua pikipiki yako iko vipi, fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa. Kama haiwaki mpaka injini iungurume, na mwanga unapanda ukivuta mafuta, usiguse waya huo kwa ajili ya chaja. Kijana alijua anachofanya: injini ikizimika, chaja nayo inazimika, mteja anaona "umeme wa ufunguo" umefanya kazi.

Halafu rilei. Mzee aliitikisa sikioni, akanipa nami niitikise. Nyepesi kama kiberiti kilichoisha. Akaichokonoa kwa kisu, kifuniko kikatoka. Ndani hakuna koili, hakuna springi. Kuna kipande cha bati tu kimeunganisha mguu wa 30 na mguu wa 87. Miguu ya 85 na 86 imechomekwa kwenye plastiki, haijashikana na chochote. Kwa wasiojua: rilei halali ina koili kati ya 85 na 86, ufunguo ukifunguliwa inapata umeme kidogo, inakuwa sumaku, inavuta kichuma ndani, tik, ndipo 30 na 87 zinakutana na umeme mkubwa wa betri unapita kwenda kwenye taa. Ufunguo ukifungwa, sumaku inaachia. Hii ya kwangu ilikuwa imekutana tangu kiwandani na haitaachana milele. Ndiyo maana kutoa ufunguo hakukuwa na maana yoyote, na ndiyo maana mtoto wa miaka minne aliweza kuua betri.

Fyuzi sasa, hapa nilikasirika kweli. Kwanza ilifungwa mbele kabisa, karibu na taa. Waya unatoka betri chini ya siti, unapita chini ya tanki, unasuguana na fremu, ndipo unakutana na fyuzi huko mwisho. Mtikisiko wa siku tatu tu ulichubua plastiki, chanya ikagusa bodi (chuma cha pikipiki, ambacho ndicho hasi), shoti ikatokea kabla umeme haujafika kwenye fyuzi, kwa hiyo fyuzi haikuhusika kabisa. Fyuzi inakaa karibu na betri, mzee anasema isizidi shubiri moja. Lakini hata ingekaa hapo! Aliichukua, imeandikwa 10, akaibana na nyaya mbili juu ya betri ya gari. Waya ukaanza kuwa mwekundu, fyuzi iko nzima kama yai. Akatoa ya kwake ya 10, akafanya vile vile, ikakatika hapo hapo. Vile vitu vimetengenezwa vifanane na fyuzi kwa sura tu.

Waya nao akaukwangua kwa wembe. Rangi ya shaba ikatoka, chini yake nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba ya unene ule ule, inapata joto haraka, na ukiikunjakunja inakatika.

Kuhusu wati 120, alipima taa moja kwa mita: ampea 1.2. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 14 na ushee. Na ingekuwa kweli ni 120, mbili zingekuwa 240, gawanya kwa 12 ni ampea 20, na umeme huo pikipiki ya cc 150 ya biashara haiuzalishi. Kwa hiyo ukiona namba hizo kwenye boksi jua umeshadanganywa kabla hujalifungua.

Nilimpigia muuzaji nikiwa nimeshika kile kikopo. Akasema vitu vya umeme havina garantii. Nikamwambia namrudishia mzigo. Akasema nimeufungua, siyo mpya tena. Kisha akaniblock.

Mzee alinifungia upya kwa vitu tulivyonunua dukani kwa risiti: rilei ya miguu minne, fyuzi ya 10 pale pale kwenye betri, waya wa shaba, mguu wa 30 unatoka kwenye fyuzi, 87 unakwenda kwenye taa na chaja, 85 kwenye bodi, 86 kwenye waya wa ufunguo. Waya huo wa ufunguo kwenye pikipiki nyingi za Kichina zinazofuata mtindo wa Honda ni mweusi, na wa kijani ndio bodi, lakini usiamini rangi, Boxer na TVS wana rangi zao. Pima kwa testa: ufunguo ukifunguliwa iwake, ukifungwa izime, injini ikiwa kimya muda wote huo.

Ukikutana na fundi wa seti hizi, usimwachie pikipiki na usilipe yote. Itikise rilei, na ukipeleka umeme wa volti 12 kwenye 85 na 86 lazima usikie tik. Kwangua waya. Akimaliza, kabla hajafunga siti, washa swichi za taa na chaja zote, injini ikiwa imezimwa, kisha fungua ufunguo na uufunge. Kila kitu kiwake na kizime sambamba na ufunguo. Chaja ikikataa kuwaka mpaka upige kiki, ameiba umeme wa taa kubwa. Taa zikibaki zinawaka, rilei ni bati.

Ujumbe wa M-Pesa ninao, kikopo ninacho, na ile fyuzi isiyokufa ninayo. Nataka kuvipeleka Tume ya Ushindani, wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Kama nawe umelizwa na seti hii, tunza kila kipande na kila ujumbe, usitupe hata waya, tukienda wengi inakuwa rahisi kusikilizwa.

Juzi nimeiona tena picha ile ile kwa namba mpya: rilei nyeusi imewekwa juu ya gazeti, waya mwekundu umekunjwa nane, na kidole gumba chenye plasta pembeni. Bei imeshuka hadi 55,000.