Seti ya kupambia kapkeki za katuni: nozeli na vikatio safi, rangi hapana

Hukumu kwanza, kwa wasio na muda wa kusoma yote: seti hii inunue kwa ajili ya nozeli (midomo ya kukamulia krimu) na vikatio vyake. Rangi zake za maji ziache kwenye boksi. Fondanti, yaani sukari laini ya kukanda na kusukuma kama chapati, inatumika, ila lazima uiongezee kitu, na mifuko yake inafaa kwa krimu laini peke yake.

Ndani kuna nozeli saba za chuma, kiungio kimoja cha plastiki cha kufungia nozeli kwenye mfuko, vikatio vya duara vya saizi tano, kalibu ya silikoni ya masikio na pua, chupa sita za rangi, pakiti tano za fondanti za gramu 100, mifuko kumi ya kukamulia, kopo la macho ya sukari na kichupa cha unga wa kung'aa. Jina la kampuni silitaji, maana seti kama hizi zinauzwa kwa majina chungu nzima na vilivyomo ni vilevile.

Nozeli zimechongwa namba zinazojulikana na wapambaji kila mahali: 2, 3 na 12 za mdomo wa duara, 104 ya petali, 352 ya majani, 233 yenye vitundu vingi, na 1M ya nyota. Kiungio kinashika zote isipokuwa 1M, ambayo ni kubwa na inaingizwa mfukoni moja kwa moja. Hilo maelezo ya boksi hayasemi, na ndipo watu wanapokata ncha ya mfuko vibaya. Tumbukiza nozeli kwanza, weka alama ilipofikia theluthi moja kutoka mdomoni, itoe, kisha kata kwenye alama.

Kwa katuni, nozeli inayostahili sifa ni 233. Ndiyo inayotoa manyoya ya dubu, nywele za simba na yale majitu ya rangi yenye jicho moja ambayo watoto hawayachoki. Mfuko ushikwe wima, mdomo wa nozeli ukae kama milimita 3 juu ya keki. Bana hadi krimu ishike, vuta juu kwa sentimita moja ukiendelea kubana, acha kubana, ndipo uondoe mkono. Ukiondoa mkono kabla ya kuacha kubana unapata mikia mirefu inayolala upande. Anza pembeni, zunguka ukielekea katikati, kila safu ikiegemea ile ya nje yake. Manyoya yakishikana na kuwa bonge, ama krimu imepata joto, ama nozeli iko karibu mno na keki. Yakikatika katikati, krimu ni ngumu: ongeza maziwa kijiko kimoja cha chai, sio zaidi kwa mara moja. Na tundu likiziba, ni chembe ya sukari. Chekecha sukari mara mbili kabla ya kuanza, na weka sindano safi karibu.

Krimu ninayoitumia na nozeli hizi ni ya siagi: gramu 250 za siagi isiyo na chumvi, gramu 500 za sukari ya aisingi, vijiko viwili vikubwa vya maziwa, kijiko cha chai cha vanila na chumvi ya kudokoa. Inatosha kapkeki 12 za manyoya, kwa sababu kila moja inakula gramu 60 hivi. Za uso laini zinachukua nusu yake. Siagi iwe ya nyuzi 18 hadi 20 za sentigredi: ukiibonyeza inabonyea, lakini kidole hakitoki na mafuta. Ipige peke yake dakika tano hadi ipauke, ndipo sukari iingie kwa mafungu. Jikoni kukiwa na joto la nyuzi 27 na kuendelea, badilisha gramu 80 za siagi na mafuta magumu ya mboga. Ladha inapungua kidogo, lakini manyoya yatasimama hadi wageni wafike.

Mifuko ni myembamba. Ukiijaza zaidi ya nusu na krimu ngumu, mshono unapasuka ubavuni na krimu inakutokea kiganjani. Isitoshe, mfuko uliojaa unakaa mkononi muda mrefu na joto la kiganja linailegeza krimu. Utaona manyoya ya kapkeki ya nane hayana ncha kama ya kwanza. Jaza kidogo, ukilegea uuweke kwenye friji dakika tano.

Sasa rangi. Chupa sita za rangi ya maji zinatosha kwa waridi hafifu au manjano ya kifaranga, basi. Ukitaka nyekundu au nyeusi iliyokolea utajikuta unamimina hadi kijiko kizima, na hapo krimu inakatika: mafuta upande wake, maji upande wake, vidonge vidonge kama mtindi ulioharibika. Nunua rangi za jeli, zinachotwa kwa ncha ya kijiti. Nyeusi usiianze kwenye krimu nyeupe. Tia kakao kwanza, gramu 40 kwa kila gramu 250 za krimu, upate kahawia, kisha jeli nyeusi kidogo, ufunike na kuiacha hadi kesho yake. Rangi hukolea yenyewe kadiri inavyokaa, kwa hiyo simama ikiwa bado kijivu cheusi. Nyekundu vilevile, na yenyewe ina adhabu ya ziada: ikizidi inaacha uchungu ulimini. Bluu hugeuka kijani kwa sababu siagi ni ya manjano. Ipige siagi muda mrefu zaidi, na ikiwa bado ina umanjano, dokoa zambarau kabla ya bluu. Wanaopamba kwa chokoleti iliyoyeyushwa wasiguse rangi za maji kabisa, hata za jeli za kawaida. Tone la maji tu, chokoleti inagoma na kuwa tope gumu. Wao wanahitaji rangi za mafuta.

Soma pia maandishi ya pembeni ya chupa. Tangu 2010, Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi E102, E104, E110, E122, E124 au E129 viwe na onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Nyeupe ya E171 ilipigwa marufuku huko kwenye vyakula mwaka 2022. Katika seti hii chupa tatu kati ya sita zina rangi za orodha hiyo, jambo la ajabu kwa bidhaa yenye picha ya mtoto kwenye boksi. Kichupa cha unga wa kung'aa ndicho kibaya zaidi: kimeandikwa kwamba hakina sumu, na hakuna orodha ya viambato. Chakula huwa kina orodha ya viambato. Kisichokuwa nayo ni pambo la kutazama na kisigusane na keki ya mtoto.

Fondanti ikitoka kwenye pakiti ni laini mno kwa masikio: unayasimamisha, baada ya saa moja yameinama. Dawa yake ni unga wa CMC, unaoikaza fondanti, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250, maana yake chini kidogo ya nusu kijiko kwa pakiti moja. Ukande, uufunge kwenye plastiki, uuache nusu saa ndipo usukume. Unene uwe milimita 3. Chini ya hapo linavunjika, juu ya hapo linakuwa zito na kuchimba krimu. Masikio yatengenezwe siku moja kabla, yakauke yamelazwa kwenye karatasi iliyonyunyizwa konflawa. Unapoyakata, liachie kila sikio mkia wa sentimita moja, ndio unaochomekwa kwenye krimu. Vijiti vya meno sivitumii kwenye kitu kinachokwenda mdomoni mwa mtoto, hata kama picha za mtandaoni zimejaa navyo.

Fondanti ikikunjamana na kupasuka pembeni, imekauka: jipake mafuta magumu ya mboga viganjani na ukande tena. Kwa rangi nyeusi sukumia juu ya mafuta hayo, sio konflawa, la sivyo panda wako, yule dubu mweusi na mweupe, atakuwa na vumbi jeupe lisilofutika. Na panda akishapambwa haendi kwenye friji. Anapotoka, unyevu wa hewa unaganda juu yake, nyeusi ya jicho inalia hadi shavuni na hakuna namna ya kuirudisha.

Vikatio ni vya milimita 68, 58, 38, 20 na 10, makali yake yanakata safi bila kuacha nyuzi. Cha 68 kinalingana na kapkeki ya kawaida, mradi keki iwe tambarare. Ikivimba kama kuba, kipande hakifiki pembeni na krimu inachungulia. Suluhisho liko kwenye oveni: gramu 45 hivi za mchanganyiko kwa kila kikaratasi, nyuzi 160, dakika 22 au kijiti kitoke kikavu. Moto mkali unakausha pembeni kwanza na kusukuma katikati juu.

Sura ya katuni inatengenezwa na macho, na hapa ndipo hizi saizi tano zinapolipa. Kwenye uso wa milimita 68, macho yakae chini kidogo ya mstari wa katikati, yakiwa mbalimbali. Paji pana ndilo linalompa mnyama sura ya utoto. Ukiyapandisha juu na kuyasogeza karibu unapata mnyama mzee mwenye hasira. Jicho jeupe likatwe kwa kikatio cha 20, mboni kwa cha 10, kisha nukta nyeupe kwa nozeli namba 2. Nukta zote mbili ziwe upande mmoja, tuseme juu kushoto, la sivyo mnyama anakuwa kengeza. Chura peke yake ndiye macho yanayokaa juu ya ukingo wa kichwa, nusu nje. Nguruwe ni mviringo wa pua wenye matundu mawili na kazi imeisha. Kata macho ya kapkeki zote kwa pamoja, uyapange mawili mawili, ndipo ubandike. Ukimaliza mnyama mmoja mmoja, wa mwisho hafanani na wa kwanza.

Macho ya sukari ya kwenye kopo yanapendeza, lakini mboni zake zinachuja rangi zikilala ndani ya krimu usiku kucha. Yabandike muda mfupi kabla ya kula. Ni magumu na ya duara, kwa hiyo kwa watoto wadogo wanaoweza kupaliwa weka ya fondanti laini.

Kalibu ya silikoni ni nusu kwa nusu. Pua zinatoka vizuri ukiiweka kwenye friza dakika kumi kabla ya kuzigeuza. Masikio yake ni madogo mno kwa uso wa 68. Mimi nakata duara la 38, nalipasua mara mbili, na kila nusu inakuwa sikio la dubu. La 20 linatosha panya mdogo tu.

Nozeli zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, brashi ndogo ipite hadi mdomoni, na zikaushwe papo hapo. Mshono wa ndani unashika kutu zikiachwa na maji, hasa 233, maana vitundu vyake havikauki vyenyewe. Iweke kwenye oveni iliyozimwa ambayo bado ina joto, na kiungio cha plastiki kibaki nje.