Hatua Tano za Stanford au Almasi Mbili: Uanze na Ipi?

Shule ya ubunifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, hufundisha hatua tano za kubuni bidhaa au huduma: kumwelewa mtumiaji, kufafanua tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza sampuli, kisha kuijaribu. Baraza la Ubunifu la Uingereza nalo lina mchoro wa kazi hiyohiyo uitwao Almasi Mbili, wenye awamu nne: kugundua, kufafanua, kuendeleza na kukamilisha.

Anayeanza mimi humpa hatua tano, kwa sababu zinamtuma moja kwa moja kwa watu. Tulipokuwa tukibuni kadi ya miadi ya kliniki ya wajawazito, mama mmoja aliikunja sampuli yetu ya karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli. Aliporudi na kuifungua, tarehe tuliyoiweka katikati ilikuwa imeangukia palepale kwenye mkunjo, wino umefutika. Dodoso lisingetuambia hilo kamwe. Siku ileile tukakata kadi ndogo isiyohitaji kukunjwa.

Udhaifu wa hatua hizo tano ni kwamba wengi huzipanda kama ngazi, ilhali unaruhusiwa kurudi nyuma hata mara kumi. Hapo Almasi Mbili inazishinda. Umbo lake lenyewe linaonyesha wakati wa kutanua fikra na wakati wa kuzibana, kwanza kwenye tatizo, halafu kwenye suluhisho. Kama kikaoni kuna mkubwa aliyekuja na jibu lake tayari, chora almasi hizo ubaoni, umwonyeshe kwa kidole kwamba bado mko kwenye ile ya kwanza, ya tatizo.